Uani na Kando ya Barabara: Biashara Ndogo na Amani ya Vitongoji vya Dar es Salaam

Historia ya amani ya Dar es Salaam husimuliwa mara nyingi kwa majina ya viongozi na vyama, ilhali sehemu yake kubwa ilijengwa uani na kando ya barabara za Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala, ambako kaya ziliishi kwa biashara zilizokuwa, kwa miaka mingi, nje ya sheria.

Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa dola, na mfanyakazi wa mjini akatarajiwa kuishi kwa mshahara. Hata hivyo, kwa mujibu wa Aili Mari Tripp, mtafiti aliyechunguza maisha ya Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, thamani halisi ya mshahara, yaani kiasi cha bidhaa unachoweza kununua, ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1974 na 1988. Watumishi wa umma, na hasa wake zao, wakaanzisha miradi: walifuga kuku, walikaanga maandazi na samaki, walishona nguo na kuuza mkaa, huku mtaji ukitoka mara nyingi katika upatu, utaratibu ambao wanachama huchanga kiasi kilekile kila kipindi na kupokezana mchango wote kwa zamu.

Mwaka 1983 dola ilijibu kwa nguvu. Sheria ya Nguvukazi ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na misako ikawakamata wachuuzi na kuwapeleka vijijini, kama serikali ya kikoloni ilivyowafukuza mjini wale iliowaita wahuni, lakini wengi wa wachuuzi hao walirudi. Mwaka huohuo serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, kwa sababu UDA, shirika la umma la usafiri, lilikuwa limeshindwa kuwabeba wakazi wa pembezoni, kwa hiyo dola ileile iliyomfukuza mchuuzi ilimhitaji mwenye basi.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1984, serikali ilipoondoa ruzuku ya sembe, yaani fedha iliyotoa ili unga uuzwe kwa bei nafuu. Bei ilipanda mno, lakini jiji halikuwaka. Nchini Zambia hatua kama hiyo ilizusha ghasia katika miji ya Ukanda wa Shaba mnamo Desemba 1986, watu wakauawa, na Rais Kenneth Kaunda akalazimika kurudisha ruzuku. Sababu za tofauti hiyo ni zaidi ya moja, ikiwamo kwamba wengi Dar es Salaam walikwisha kuzoea kununua unga kwa bei ya ulanguzi. Lakini iliyo nzito zaidi ni kwamba kaya ya Manzese haikutegemea tena mshahara peke yake, kwa hiyo uamuzi mmoja wa serikali haukuweza kuzima jiko lake. Ruksa, yaani sera ya Rais Ali Hassan Mwinyi ya kulegeza masharti ya biashara baada ya 1985, na Azimio la Zanzibar la 1991 lililowaruhusu viongozi kufanya biashara, vilihalalisha yale ambayo wananchi walikuwa wamekwisha kuyafanya.

Amani hiyo haikugawa haki kwa usawa. Madereva na makondakta wengi wa daladala wamefanya kazi bila mkataba, wakimpelekea tajiri hesabu, kiasi kilichopangwa cha kila siku, hata siku ambayo abiria ni wachache. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, viliwapa machinga, yaani wachuuzi wa mitaani, kinga dhidi ya kufukuzwa, na bado mwaka 2021 vibanda vingi vya kando ya barabara viliondolewa. Kwa hiyo, Halmashauri za Kinondoni na Temeke zinapochora barabara na masoko mapya, zimtengee mchuuzi nafasi yake tangu ramani ya kwanza, penye wateja, kabla ya kibanda chake kuguswa.