Wakristo na Ustawi wa Maandishi ya Kiswahili, 1844–1952

Panapozungumzwa habari za wamisionari katika historia ya Kiswahili, aghalabu husikika kauli mbili zinazopingana. Kauli ya kwanza hudai kwamba wamisionari ndio walioipa lugha hii maandishi, kana kwamba kabla yao Waswahili hawakujua kalamu. Kauli ya pili hudai kwamba wamisionari hawakuwa ila watangulizi wa ukoloni, na kwamba hawakufanya jambo lolote la kushukuriwa. Kauli hizi zote mbili ni pungufu. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba mchango wa Wakristo katika ustawi wa maandishi ya Kiswahili ulikuwa mkubwa, na kwamba mchango huo hauwezi kufahamika sawasawa pasipo kuwataja watu waliokuwa nyuma ya vitabu vyao: masheikh, washairi, wasimulizi na watumwa waliokombolewa.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu zamani sana kabla ya misheni ya kwanza kufika pwani. Tenzi zilizosalia katika miswada ya karne ya 18 ni ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, hakuikuta lugha isiyo na fasihi. Alikuta mji wenye wanazuoni na watunzi, na kazi yake ya mwanzo ilitegemea elimu yao. Alipoanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo katika mwaka huo huo, msaidizi wake alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo Krapf alifiwa na mkewe na binti yake mchanga, lakini hakuiacha kazi. Mwaka 1846 yeye na mwenzake, Johannes Rebmann, walifungua kituo huko Rabai. Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili huko Ujerumani, na kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, yaani mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kamusi hiyo ni ghala ya Kimvita cha katikati ya karne ya 19. Humo maneno mengi yameelezwa pamoja na desturi zilizoambatana nayo, na mengine hayasikiki tena midomoni mwa watu. Mtafiti wa lahaja hana budi kuirejea hata leo.

Huko Unguja, kazi kama hiyo ilifanywa na misheni ya Vyuo Vikuu. Edward Steere alifika kisiwani mwaka 1864, na mwaka 1870 alitoa vitabu viwili vyenye umuhimu wa pekee: kimoja cha sarufi ya Kiunguja, na kingine cha hadithi alizozipokea kutoka kwa Waunguja wenyewe, pamoja na habari na mashairi ya Liyongo. Steere hakuzibadili hadithi zile ziwe mafundisho ya dini. Aliziandika kama zilivyosimuliwa, na kwa kufanya hivyo alihifadhi namna ya usimulizi ambayo pengine ingalipotea. Pamoja na hayo alianzisha kazi ya kupiga chapa, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa vitabu kwa mikono yao.

Vijana hao walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Watano wa kwanza walitolewa na Sultani Majid kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879, na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa kasisi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na mahali pale pale Steere akajenga kanisa kuu la Mkunazini, ambamo alizikwa mwaka 1882. Watoto waliosoma Kiungani walitoka katika makabila mengi: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakuwa na lugha moja, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa London, kwa tafsiri ya Kiingereza, kitabu chenye masimulizi yao juu ya kutekwa na kuuzwa kwao, na mwaka 1888 gazeti la *Msimulizi* lilianza kutolewa huko huko Kiungani. Hivyo watu ambao sheria ya soko iliwahesabu kuwa bidhaa walipata nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Pengine hakuna huduma ya Kikristo katika pwani hii iliyo nzito kuliko hiyo.

Jambo hilo lilijirudia Mombasa. Kijiji cha Freretown kilianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na jina la Kengeleni hata leo lakumbusha kengele yake. Katika jamii hiyo alitokea James Mbotela, ambaye kitabu chake, *Uhuru wa Watumwa*, kilichapishwa mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo si bure. Hata hivyo, ni miongoni mwa vitabu vya awali vya nathari ndefu vilivyotungwa kwa Kiswahili na Mwafrika, na mtunzi wake alikuwa akieleza mateso ya kizazi kilichomzaa.

W. E. Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880, ni mfano mwingine. Mwaka 1891 alichapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili. Lakini zaidi ya hayo, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa amekufa yapata miaka 40 kabla ya hapo. Mashairi hayo yalikuwa yamehifadhiwa katika kumbukumbu za watu tu. Miswada ya Taylor ndiyo iliyomwezesha William Hichens kutoa diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz kuandika uchambuzi wake uliotoka mwaka 1979. Pasipo mwalimu Mwislamu aliyekumbuka na kasisi aliyeandika, sehemu kubwa ya tungo za malenga huyo ingalizikwa pamoja na wazee wa Mvita. Vivyo hivyo *Habari za Wakilindi*, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, ilipigwa chapa kwa mtambo wa misheni huko Magila kuanzia mwaka 1895, ijapokuwa mwandishi alikuwa Mwislamu na habari zake zilikuwa za watawala wa Usambara.

Haifai, hata hivyo, kuficha hasara. Krapf alipendelea hati za Kirumi kwa sababu, miongoni mwa nyingine, alitaka kupunguza nguvu za Uislamu katika lugha. Uamuzi huo, ulipokwisha kufuatwa na serikali za kikoloni, uliwafanya watu waliosoma vyuoni wahesabiwe kuwa wasiojua kusoma. Tena shule za misheni hazikufundisha tenzi za zamani, na mwanafunzi aliweza kumaliza masomo yake pasipo kujua kwamba lugha yake ilikuwa na washairi.

Ushindani nao ulikuwako baina ya Wakristo wenyewe. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, na ya Kimvita ikakamilika mwaka 1914. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, wamisionari wa Mombasa hawakuridhika. Lakini kazi iliendelea: kamusi sanifu iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson ilijengwa juu ya ile ya Madan, na mwaka 1952 Biblia ya Muungano ikawapa Wakristo wa pande zote mbili kitabu kimoja.

Kwa muhtasari, wamisionari hawakuiumba fasihi ya Kiswahili, wala hawakuikuta ikiwa tupu. Walichofanya ni kuandika, kuhifadhi, kuchapa na kufundisha, na katika kila hatua walihitaji ulimi na kumbukumbu za wenyeji. Anayewanyima sifa Krapf, Steere na Taylor huidhulumu historia, na anayewasifu wao peke yao humdhulumu Sheikh Ali, Mwalimu Sikujua na watoto wa Kiungani. Wajibu wa idara za Kiswahili ni kuyafundisha majina haya yote pamoja, kwa kuwa kazi yenyewe ilifanywa kwa pamoja.