Neno la Mkubwa na Ushahidi wa Jicho: Sayansi Mpya ya Ulaya na Malale ya Busia na Tororo

Mageuzi ya fikra yaliyotokea Ulaya kati ya mwaka 1543, Nicolaus Copernicus alipochapisha hoja kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, na mwaka 1687, Isaac Newton alipotoa kanuni za mwendo na mvutano, huelezwa mara nyingi kama orodha ya uvumbuzi, ilhali kiini chake kilikuwa badiliko la mamlaka. Kabla ya hapo, mganga msomi aliyetaka kujua kazi ya moyo alifungua vitabu vya Galeni, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, na pale alichokiona katika mwili kilipopingana na kilichoandikwa, lawama ya kwanza iliangukia jicho lake, si kitabu. William Harvey aliupindua utaratibu huo mwaka 1628 kwa kukadiria kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, akaonyesha kwamba ni kingi mno kuweza kutengenezwa upya kila saa, kwa hiyo lazima iwe ni damu ileile inayozunguka. Miaka minane kabla yake, Francis Bacon alikuwa ameandika kwamba akili ya binadamu imezingirwa na sanamu, neno alilolitumia kwa maana ya mazoea ya kufikiri ambayo watu huyaheshimu bila kuyachunguza.

Si haki kudhani kwamba mawazo hayo yalichipuka Ulaya peke yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika juu ya mwanga na kuona kwa kufuata majaribio, na kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa Kilatini karne nyingi kabla ya Galileo kuielekeza darubini yake angani. Kilichokuwa kipya Ulaya ya karne ya 17 ni kwamba shaka ilipewa chombo cha kudumu. Jumuiya ya Kifalme ya London, iliyoanzishwa mwaka 1660, ilichukua kaulimbiu ya Kilatini ambayo maana yake ni kutokubali jambo kwa sababu tu mtu fulani amelisema. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft ambaye hakuwa na elimu ya chuo kikuu, alipoiandikia Jumuiya hiyo mwaka 1676 kwamba ameona katika tone la maji viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, wanachama hawakumkejeli wala hawakumsadiki. Walitengeneza vyombo vyao, wakatazama, na mwaka uliofuata Robert Hooke akathibitisha kwamba viumbe hivyo vipo.

Jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyotuma wachunguzi Uganda mwaka 1902. Malale, ugonjwa unaomfanya mgonjwa kusinzia, kuchanganyikiwa na hatimaye kufa, ulikuwa umetambuliwa na madaktari wa hospitali ya Mengo mwaka 1901, na katika miaka michache iliyofuata uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Busoga, visiwani na katika mwambao unaoelekea Samia, kwenye mpaka wa sasa wa Uganda na Kenya. Wa kwanza kufika walikuwa George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy, wakiwa na dhana iliyoheshimika wakati ule kwamba chanzo ni filaria, mnyoo mwembamba unaoishi mwilini na ambao vijana wake huonekana katika damu.

Ushahidi ulioivunja dhana hiyo ulitoka upande wa mashariki wa mpaka huo. Christy alizunguka nchi akipima damu za watu na kuweka alama za ugonjwa kwenye ramani, na alipofika Kavirondo, jina lililotumiwa wakati huo kwa eneo la Nyanza, alikuta wagonjwa wa malale mahali ambapo mnyoo ule haukuwapo. Kwingineko mnyoo ulijaa na malale haikuwapo. Ramani yake ilionyesha pia kwamba ugonjwa umeshikamana na ukingo wa ziwa na visiwa, na haupandi bara. Hapa ndipo thamani ya mbinu mpya inapoonekana waziwazi, kwa maana dhana ya wakubwa wa tiba ya London ilishindwa na matone ya damu ya wavuvi na wakulima ambao majina yao hatuyajui.

Castellani, ambaye alikuwa amegeukia dhana nyingine ya bakteria, alichukua ugiligili wa uti wa mgongo wa wagonjwa, yaani maji yanayouzunguka uti na ubongo, akauzungusha kwa kasi katika mashine ili vilivyo vizito vizame chini, kisha akayatazama mashapo kwa hadubini. Mwishoni mwa 1902 aliona kiumbe chembamba chenye kujipindapinda kama samaki aliyetolewa majini: tripanosoma, kimelea cha chembe moja. David Bruce, aliyewasili mwaka 1903 na ambaye tayari alikuwa ameonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hueneza kimelea cha jamii hiyo kwa ng'ombe, alihitaji kujua nzi yuko wapi. Kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, machifu na wamisionari waliombwa kukusanya nzi wanaouma na kueleza kama malale ipo kwao. Waganda walimjua nzi huyo kwa jina la kivu muda mrefu kabla ya Bruce. Ramani mbili, ya nzi na ya ugonjwa, zilipowekwa pamoja, zililingana.

Hata hivyo, akili inayoshika serikali ni kitu tofauti na akili inayouliza. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka ufukweni na baadaye visiwani, na kwa jamii zilizoishi kwa samaki, amri hiyo ilimaanisha kuacha riziki na makaburi ya wazee. Katika visiwa vya Ssese, Robert Koch aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Maswali yalifuata utaratibu wa Bacon. Idhini ya aliyechomwa sindano haikuwamo katika utaratibu huo, na upungufu huo hauwezi kufunikwa kwa sifa za uvumbuzi.

Katikati ya karne ya 20 uchunguzi ulipata makao ya kudumu Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Chini ya W. H. R. Lumsden, shirika hilo lilihifadhi vimelea kwa kuvigandisha katika baridi kali na kuvipa namba, ili maabara nyingine yoyote iweze kurudia jaribio lilelile. Vimelea vyenye namba za Tororo vimechunguzwa katika maabara za mabara kadhaa, jambo ambalo Leeuwenhoek na Hooke wangelielewa mara moja.

Swali kubwa la eneo hili lilikuwa kimelea kinajificha wapi wakati hakuna mtu anayeugua. Mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake waliripoti kukipata kwa pongo, swala wa vichakani, upande wa Nyanza. Malale ilipozuka Alego, jirani na Busia, katika miaka ya 1960, ilionekana kwamba mbung'o walikuwa wameingia hadi kwenye nyua za lantana zilizozunguka nyumba. Mwaka 1966 R. J. Onyango, K. van Hoeve na P. de Raadt waliripoti kwamba walichukua vimelea kutoka kwa ng'ombe wa Alego, na mtu aliyejitolea akaambukizwa. Kwa wakulima wanaofuga, kama walivyo wa Iyolwa, huko Tororo, na wa Busia, habari hiyo ilikuwa nzito: mnyama wa mahari na wa jembe la kukokotwa naye pia ni hazina ya ugonjwa. Tangu 2001 swali hilohilo hujibiwa bila kumgusa mtu, kwa kutafuta katika damu ya ng'ombe jeni inayokiwezesha kimelea kustahimili damu ya binadamu.

Mlipuko ulioanza Busoga mwaka 1976 ulifika Tororo katika miaka ya 1980, na mojawapo ya silaha zilizotumiwa ilikuwa kitambaa. Mtego wa umbo la piramidi una vipande vya rangi ya buluu na nyeusi vilivyopishana chini ya chandarua cheupe: buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, weusi humfanya atue, na anapopaa kuufuata mwanga huishia juu ndani ya chandarua asikoweza kutoka. Hutundikwa karibu na vijito wanakoteka watu maji na kunywesha ng'ombe, nyasi zinazouzunguka hufyekwa ili rangi isifichike, na nzi walionaswa huhesabiwa, kwa kuwa ni hesabu hiyo pekee inayoonyesha kama wanapungua.