Zombi alikuwa mtu wa shamba

Mimi ni mtu wa filme. Muniulize filme ya kuogopesha ao ya kuchekesha, nitajibu mbio kuliko mukiniuliza habari ya mihogo. Leo nasema juu ya zombi, na mutaona kama ni jambo letu sisi watu wa agronomia.

Wengi wanawaza zombi alizaliwa Hollywood. Hapana, alitoka Haiti. Zamani inchi ile iliitwa Saint-Domingue, koloni ya Ufaransa, yenye mashamba makubwa ya miwa. Watumwa wengi waliopelekwa kule walitoka upande wetu, Kongo na Angola, na wasomi wengi wanasema hata jina zombi lina mizizi katika Kikongo. Mtumwa wa miwa alikuwa na tumaini moja: siku nitakufa, nitapumzika. Basi hofu iliyopita kifo ilikuwa hii: kufa, kisha kuamushwa na kurudishwa shambani. Zombi njo huyo, mufanyakazi asiye na mushahara wala mwisho.

Haiti ilijikomboa mwaka 1804. Lakini toka 1915 mpaka 1934 waaskari wa Marekani waliikalia, na katika miaka ile sinema ikachukua hadithi. Mwaka 1932 ikatoka White Zombie, na Bela Lugosi ndani. Kuna pahali pamoja: zombi wanasukuma mtambo wa kusaga miwa, mumoja anaanguka ndani, wengine wanaendelea kusukuma tu. Hata damu haionekane. Mimi nilizima simu kwanza.

Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead. Ni filme ya nguvu, lakini toka pale maiti ikawa ya kukula watu, shamba likasahaulika. Kicheko njo kilikumbuka. Shaun of the Dead ya Uingereza, 2004, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini muangalie mwisho wake: zombi wenye kubakia wanapewa kazi ya kukusanya vigari vya supamaketi! Juu ya ile tu, naiweka mbele ya filme nyingi za kuogopesha.

Na sisi hapa? Sheria ya Wabelgiji ya 1917 iliruhusu kulimisha watu kwa lazima, na pamba ikaenea hivyo. Wenye kupima mashamba na kusimamia wakulima walikuwa maagronome na mamonitere. Babu yangu alilima pamba ile. Mimi nina diploma ya wale wenye walimusimamia.

Mwaka jana, kwenye mradi moja, nilisimamia vibarua. Mwezi wa tatu bila mushahara, walikuwa wanalima kimya, na mimi niliandika mahudhurio bila kuuliza kitu. Usiku nikakumbuka ule mtambo. Kesho yake nilipeleka barua kwa wakubwa, walilipwa nusu.

Wenzangu, mbele ya kuhesabu mavuno, tuulize kwanza nani amelipwa. Ninyi munasema nini?