DSL: intaneti ya waya wa simu ambayo haikufika Syokimau

Leo tuache msimbo kidogo, tuongee historia. Wengi wanaoanza kazi ya programu siku hizi wameikuta intaneti ikija kwa simu ya mkononi au kwa faiba. DSL wanaisikia tu. Ilikuwa kitu gani, na kwa nini huku kwetu Syokimau haikubisha hodi?

Kwanza inavyofanya kazi. Sauti ya mtu kwenye simu ya waya hutumia masafa ya chini, yasiyozidi hezi 4,000. Waya wa shaba unaweza kubeba masafa ya juu kuliko hayo, lakini kwa miaka mingi yalikaa bure. DSL ikayatumia kupitisha data. Nyumbani uliweka kichujio kidogo, sauti ikaenda kwenye simu na data kwenye modemu. Kwa hiyo uliweza kuongea na simu huku uko mtandaoni. Modemu ya zamani ya kupiga simu iliishika laini nzima, na kasi yake iliishia kilobiti 56 kwa sekunde.

Aina zake ni hizi:

- ADSL: kushusha ni haraka kuliko kupandisha. Wazo hilo linahusishwa na Joseph Lechleider, mhandisi wa Bellcore, Marekani. Kiwango cha 1999 kilifika megabiti 8, na ADSL2+ ya 2003 ikafika 24.
- SHDSL: kasi sawa pande zote mbili, ilipendwa na maofisi.
- VDSL2 ya 2006: hufika hata megabiti 100, lakini kwa laini fupi sana.

Zote zina ugonjwa mmoja, nao ni umbali. Ukikaa kilomita kama 5 kutoka kituo cha simu, ADSL inakata roho.

Faida kubwa ya DSL ilikuwa kwamba waya ulishakuwepo ardhini. Ufaransa na Uingereza karibu kila nyumba ilikuwa na simu. Sasa tazama Kenya. Telkom Kenya ilipoundwa mwaka 1999, laini za waya hazikufika laki nne nchi nzima, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya milioni 28. Nyingi zilikuwa Nairobi na miji mikubwa. Halafu wezi wakawa wanakata nyaya na kuziuza kama vyuma chakavu.

Hata mwenye laini nzuri alikuwa na tatizo jingine. Hadi 2009, data ya Kenya kwenda nje ilitegemea setilaiti, ambayo ni ghali na ya polepole. Mwaka huo mikonga ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa. Lakini wakati huo simu za mkononi zilishatapakaa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutandaza shaba upya.

Mitaa mingi ya Syokimau ilijengwa katika kipindi hicho hicho. Stesheni yetu ya treni ilifunguliwa Novemba 2012. Nyumba zikaota bila waya wa simu.

Tunapenda kujisifu kwamba tuliruka hatua. Ni kweli, ila kuruka kuna gharama yake. Mwenye DSL kwa kawaida alilipa kwa mwezi, akashusha programu anazotaka, mtoto akasoma, akajaribu na kukosea bila hofu. Wa bando la simu alihesabu megabaiti. Huwezi kujifunza ufundi wetu vizuri ukiogopa kubonyeza kitufe cha kushusha.

Na kuna somo jingine. Desemba 2000, Umoja wa Ulaya uliagiza makampuni makubwa ya zamani ya simu yaruhusu washindani kutumia nyaya zao za kuingia majumbani. Waya mmoja, wauzaji wengi, mteja akachagua.

Sasa faiba imefika mtaani kwetu, na kila kampuni inavuta ya kwake kwenye nguzo. Barabara moja ina nyaya tatu, ya pili yake haina hata mmoja. Shaba ilitupita kwa sababu tulichelewa kujenga. Faiba itawapita majirani zetu kwa sababu hatujaamua kushirikiana waya. Hilo la pili bado tunaweza kulirekebisha.