Usimkate mpagazi

Desemba 2008 Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, ilianza kuweka picha zaidi ya 80,000 Wikimedia Commons, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyetupiga picha enzi za Wajerumani. Nyingi zina pikseli kama 800 upande mrefu. Kwenye skrini zinatosha. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata sentimita 7 tu. Ukikata nusu, zinabaki tatu na kitu.

Kishawishi ni kubakiza ofisa wa katikati, wa pembeni watupwe. Lakini Bagamoyo iliinuliwa na wapagazi walioshusha pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji. Wengi hawakuandikwa majina. Pembeni mwa picha ndipo walipobaki. Kata nakala, faili asili iache nzima.