Neno «Kanisa» na Juya la Wavuvi

Katika vigango vya mwambao wa Mugango, kama penginepo jimboni Musoma, husikika swali hili: "Padre, sisi tutapata kanisa lini?" Waulizao hufikiria matofali na mabati. Wako hata wanaoacha kusali Jumapili, wakisema kanisa lao halijajengwa. Yafaa basi tulitazame neno lenyewe, maana limetoka mbali.

Waswahili walilipokea kwa Waarabu. Waarabu nao walilipata katika Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu alipokuwa Nazareti. Huko sauti ilikuwa «sh», kwa Waarabu ikawa «s». Shina lake ni k-n-sh, maana yake kukusanya. «Knishta» ni mkusanyiko wa watu, na pia nyumba wanamokutania, yaani sinagogi. Ajabu ni kwamba Wakristo wa Siria wenyewe hawakulitumia kwa Kanisa lao; waliliita «idta», na lile la k-n-sh wakawaachia Wayahudi. Ni katika Kiarabu lilikofanywa jina la nyumba ya Wakristo.

Shina hilohilo limo katika Peshita, Biblia ya kale ya Kisiria, na hapa mvuvi wa Mugango ataelewa upesi kuliko sisi tuliosoma seminari. Katika Mathayo 13:47 Ufalme wafananishwa na juya lililokusanya samaki wa kila aina: kitenzi ni hicho. Katika 23:37 Bwana atamani kuwakusanya wana wa Yerusalemu kama kuku na vifaranga vyake: ni hicho tena. (Juya la namna hiyo ziwani kwetu huitwa kokoro, na Serikali imelikataza kwa kuwa huzoa hata samaki wachanga. Katika mfano wa Bwana, kuchagua kwangoja mpaka juya lifike pwani.)

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA, katika mkutano wao wa Nairobi, walikazia jumuiya ndogondogo za Kikristo. Lakini huku Mara, katika parokia ya Nyarombo, Wakristo Waluo walikuwa wameanza kukutana kwa vikundi vidogo tangu 1966. Basi katekista wa kigango kisicho na paa, aandikapo daftarini idadi ya waliokusanyika Jumapili chini ya mwembe, anaandika habari za kanisa lililokwisha kupatikana. Mabati bado yanachangiwa.