Kompyuta ya Karatasi

Wako wazazi na walimu wanaodhani kwamba mchezo wa kompyuta huzaliwa ndani ya kompyuta. Historia yasema vingine.

Mwaka 1948 mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, Alan Turing, na rafiki yake David Champernowne walianza kutunga kanuni za kuiwezesha mashine kucheza sataranji. Mashine ya kuzimudu kanuni hizo haikuwapo. Mwaka 1952 Turing akaketi na Alick Glennie, akajifanya yeye ndiye kompyuta: zamu yake ikifika anasoma kanuni, anapiga hesabu kwa mkono, kisha anasogeza kete iliyoamriwa na karatasi, aipende asiipende. Hatua moja ilichukua kama nusu saa. Akashindwa. Turing alifariki mwaka 1954, lakini mwaka 2012 kanuni zile ziliingizwa katika kompyuta, zikapambana na Garry Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia. Kasparov alishinda kwa hatua 16 tu. Hata hivyo karatasi ile ilicheza!

Kule Japani nako, Shigeru Miyamoto na wenzake wa Nintendo waliuchora mchezo wa Super Mario Bros., uliotoka mwaka 1985, kwenye karatasi za mirabamiraba kabla ya kuwakabidhi watunga programu.

Na sisi je? Wizara yetu ya Fedha ilifunga kompyuta mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Bao halikupigwa marufuku. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 akiba, pamoja na sheria za mtaji, takata na nyumba. Mzee anayezijua zote kwa kichwa amebeba programu nzima, ila haina waya.

Nikiwa Segese, wilayani Kahama, nilionyeshwa daftari la mvulana wa shule ambaye hajagusa kompyuta. Kurasa za nyuma amechora duara la dhahabu. Mchezaji anateremka kwa kokoto, kila hatua inampunguzia hewa. Akikawia, udongo unaporomoka. Nikamwuliza kwa nini mchezaji asipande juu akapumua.

"Akipanda, baba, wenzake watachimba sehemu yake."

Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Ameyaona kwa wakubwa zake, na huenda baada ya mwaka mmoja au miwili naye akateremka huko kwa kamba, kwa hewa ya kweli.

Juu ya kurasa hizo pamepita kalamu nyekundu: "Upuuzi." Ningemwomba mwalimu aliyeandika neno hilo alifungue daftari tena. Hesabu ya hewa imekosewa mahali pawili, hatua ya tisa na ya kumi na nne, na kijana anahitaji mtu wa kumsahihisha.